Usukani Uliotetemeka Kakonko

Nilipokata kona Nyakanazi kuelekea Kakonko, usukani ulikuwa unatetemeka kila nilipokanyaga breki. Nilikuwa nimetoka Dodoma kwa gari langu la mseto, dogo, lililotumika Japani kabla ya kunifikia, lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Miezi minane kabla ya safari hiyo, gereji moja ya mjini, yenye kompyuta na vyeti vya mafundi ukutani, ilikuwa imenibadilishia diski za mbele kwa tatizo hilohilo. Mtetemo ulikoma, kisha ukarudi polepole. Nilipokwenda kulalamika, kompyuta ilichomekwa, haikuonyesha kosa, nikaambiwa kwamba magari yenye umeme ndivyo yalivyo. Nami, mwenye shahada ya uzamivu, niliridhika.

Mama yangu hakuridhika. Nilikuwa nimekwenda nyumbani ili nimpeleke hospitali Kibondo. Katika mteremko wa kwanza alishika kiti kwa mikono miwili, akasema hapandi tena gari lenye homa.

Fundi niliyeelekezwa hajafika miaka thelathini. Karakana yake ni mabati manne na mwembe. "Mwakeye, Dokta," alinisalimu, kisha akauliza diski zilibadilishwa lini. Hakufungua boneti. Alitaka tuendeshe.

Njiani alinieleza jambo ambalo kwenye ile gereji ya mjini sikulisikia. Katika gari la aina hii, ukikanyaga breki kidogo, kinachopunguza mwendo kwa sehemu kubwa ni mota: inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Pedi na diski huingia kazini ukikanyaga kwa nguvu au gari linapokaribia kusimama. Tulipofika mahali tambarare, nyuma yetu hakuna gari, akaniambia niweke nyutro, kisha nikanyage breki taratibu. Katika nyutro mota hairudishi umeme, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa pedi na diski. Usukani ukatetemeka papo hapo. Nilipoweka gia na kukanyaga vilevile, ukatulia. Mota haikuwa na kosa, na tairi pia, kwa kuwa tairi mbovu ingetetemesha gari hata bila breki. Na kwa sababu kilichocheza ni usukani na si viti, alianzia magurudumu ya mbele. Jaribio lote lilichukua dakika tano, na ningependa wanafunzi wangu wa mbinu za utafiti wangeliona.

Kabla ya kugusa kalipa alichomoa waya wa betri ndogo, akasubiri. Mfumo wa breki wa magari haya una pampu ya umeme inayoweza kuamka yenyewe, hata mlango unapofunguliwa tu. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akanionyesha kidole kisicho na ukucha.

Kisha akafunga kipande cha waya mgumu karibu na gurudumu, akasogeza ncha yake hadi ikaribie diski, akaizungusha diski kwa mkono. Sehemu moja waya ulikwaruza. Upande wa pili uliacha nafasi. Akatia chaki, akaing'oa diski. Nyuma yake, juu ya uso wa habu, kulikuwa na kutu iliyoshikana na udongo mwekundu, upande mmoja tu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Waliofunga diski mpya hawakusafisha mahali pa kuikalisha. Ikakaa upande. Kila mzunguko sehemu ileile iligusa pedi, hata pale ambapo sikukanyaga breki, na kilomita zilivyoongezeka ikalika na kuwa nyembamba kuliko nyingine. Usiku nilisoma kwamba tofauti ya unene ya milimita 0.02, ambayo ni chini ya unene wa unywele, inatosha kuhisiwa mikononi. Fundi hana kipimo cha kuisoma namba hiyo, ila waya wake ulikuwa umeiona.

Alisoma unene wa chini ulioandikwa kwenye diski, akaona bado zinafaa kuchongwa, akazipeleka kwa basi hadi kwa mchonga vyuma Kasulu. Zilirudi kesho yake jioni. Alisugua habu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikang'aa, akapaka grisi pini za kalipa, akakaza nati kwa kupishana, kidogo kidogo.

Tunajadiliana sana kuhusu magari ya umeme: kodi, betri, vituo vya kuchajia. Hayo ni muhimu, lakini magari haya yatafika Kakonko yakiwa yametumika, kama langu, na yatatengenezwa chini ya mwembe. Diski ambazo mota inazipunguzia kazi hushika kutu zaidi, hasa masika ya huku. Tangu sheria ya mwaka 1994 tuna VETA, na VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi wangu hakuwahi kuusikia. Aliacha shule kidato cha pili, na kila anapoomba kazi ya magari ya taasisi, huombwa cheti kwanza.

Hapa inanipasa niseme langu. Mwaka juzi nilikaa kwenye kamati iliyopitia maombi ya mtu aliyekuwa amefanya kazi ya umeme wa magari kwa miaka kumi na minne. Hakuwa na matokeo tuliyoyataka. Mimi ndiye niliyependekeza jalada lake lifungwe, tukaenda kunywa chai.

Tulikwenda Kibondo Alhamisi. Mama alilala njia nzima. Fomu za VETA nimezituma kwa fundi kwa basi lilelile la diski, na kwa kikao cha Jumatatu nimeomba lile jalada litolewe kabatini.