Simba wa Filamu na Simba Wetu

Sisi tuliozaliwa kabla ya uhuru katika nchi ya Meru na Isiolo tulimjua simba kabla hatujamwona kwenye filamu. Tulimjua kwa nyayo zake kando ya maji, kwa ndama aliyekosekana zizini alfajiri, na kwa usiku tuliokesha tukichochea moto ili mifugo ya baba zetu isalimike. Kwa hiyo filamu ya Born Free ilipotoka mwaka 1966, na walimwengu wakalia kwa kisa cha Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson kisha akarudishwa porini Meru, sisi tuliitazama kwa jicho jingine. Yaliyowapita wengi tuliyakumbuka: kwamba mama yake Elsa alipigwa risasi, kwamba ndugu zake wawili waliishia katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, na kwamba mlezi wao wa kila siku alikuwa mtumishi aliyeitwa Nuru.

Filamu ile ilihubiri uhuru wa mnyama, lakini moyo wa mtazamaji hushika kinachoupendeza. Mwaka 1969 mtoto wa simba aliweza bado kununuliwa katika duka la Harrods, London, na vijana wawili wa Australia wakamnunua mmoja, wakampa jina Christian. Sidai kwamba filamu ndiyo iliyowatuma. Nasema tu kwamba tamaa hiyo ilikuwepo na mlango wa duka ulikuwa wazi. Kabla ya kutimia mwaka mmoja mnyama alikuwa amewashinda kwa ukubwa. Bill Travers na Virginia McKenna, waigizaji wa Born Free, wakasaidia aletwe Kora, hapa Kenya, kwa George Adamson, mwaka 1970. Huko alimkuta Boy, simba aliyekuwa ameshiriki katika filamu hiyohiyo. Mwaka 1971 vijana wale walikuja kumwona Christian, naye akawakumbatia. Mwaka huohuo Boy alimuua msaidizi wa Adamson, na Adamson akalazimika kumpiga Boy risasi. Picha za kumbatio zilienea duniani kwa intaneti mwaka 2008; msaidizi yule hatajwi sana.

Zamani mtu alingoja filamu ifike mjini, akatoka ukumbini, akarudi kwenye shughuli zake. Siku hizi mtoto wa duma aliyeketi ndani ya gari la kifahari hutazamwa kiganjani mchana na usiku. Nyuma ya picha hiyo kuna watoto wa duma wanaoibwa katika Pembe ya Afrika na kuvushwa kupitia Yemeni hadi Ghuba, na wengi hufia njiani, ilhali duma wazima waliosalia porini wanakadiriwa kuwa 7,000 hivi. Tusiibebeshe filamu lawama yote. Uingereza, watafiti hawakuona kwamba filamu za Harry Potter, zenye bundi ndani yake, ziliongeza ununuzi wa bundi; lakini Java na Bali, ambako masoko ya ndege yamestawi, bundi waliuzwa kwa jina hilohilo la filamu. Picha huamsha hamu. Soko lisilo na mlinzi ndilo huigeuza kuwa biashara.

Rika letu halikuacha soko hilo bila mlinzi. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, wenzetu waliovaa sare za askari wa wanyamapori walitembea na jua na kiu wakifuata nyayo za majangili wenye bunduki bora kuliko zao, na baadhi yao hawakurudi kwa wake zao. Hatusemi haya ili tusifiwe. Tunawaambia ninyi wajukuu zetu, mlioshika kamera tusizowahi kuota, kwamba mnyama ana maisha marefu kuliko dakika moja ya picha. Mkituonyesha mtoto wa duma, tuonyesheni pia mama yake alipo, nani amemnyang'anya, na atakuwaje akikomaa. Mkiombwa kusambaza picha isiyojibu hayo, ikataeni.