Minazi Thelathini na Minane

Nilipomwonyesha Baba picha za hoteli kwenye simu, aliziangalia moja moja, kisha akairudisha simu mezani. Tangazo lilisema Mafia ni kisiwa cha mbali, kilichojificha, mahali pa kwenda kuisahau dunia.

"Mbali na wapi?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Baba amezaliwa Juani, kisiwa kidogo ng'ambo ya ghuba ya Chole, huko huko Mafia. Kwake yeye mbali ni Dar es Salaam.

Mpango wangu ulikuwa likizo tu, si safari ya kwao. Mwaka mzima nilikuwa naweka hela kwenye kikoba ili mwezi wa sita shule zikifungwa tupate siku tano za bahari. Mume wangu alale, watoto waone kasa wakianguliwa, na mimi nisome vitabu viwili nilivyonunua Januari na sikuwa nimevifungua. Baba hakuwemo kwenye hesabu. Lakini siku ile aliniambia, "Kama kuna nafasi, nami nitakuja." Ana miaka 73. Mara ya mwisho alikanyaga kwao mwaka 1989, kwenye mazishi ya bibi yangu. Tulifurahi, tukamkatia tiketi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini iwe sasa.

Tulipanda chombo Nyamisati, tukapita katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, maji yakiwa ya udongo na yametulia. Tulipotoka kwenye bahari wazi, kusi ikatupokea. Mume wangu alitapika mpaka akaishiwa. Watoto walijikunja sakafuni. Baba alisimama muda wote ameshika nguzo, uso ameuelekeza kwenye upepo. "Kusi hii," alisema, kama mtu anayemkumbuka jirani msumbufu.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa kama zile picha za kwenye simu. Tulifikia Utende, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Maji yakijaa, watoto wanaogelea. Yakikupwa, wanafuata kaa kwenye mchanga. Tulivuka hadi Chole kuona popo wakubwa, wale wanaokula matunda, ambao jamaa zao wako Komoro. Mchana wananing'inia mitini kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba, wanagombana na kujipepea kwa mbawa. Mwanangu wa kiume, miaka 7, alitaka kujua kama nao wako likizo. Binti yangu, miaka 11, alimwambia popo wanaishi pale, sisi ndio tuko likizo.

Baba hakwenda Chole. Alikaa ufukweni akiitazama Juani.

Siku ya tatu ilikuwa ya kasa, na kasa wanatagia Juani, upande wa mashariki unaotazama bahari kuu. Kijana aliyetuongoza alisema tuwahi maji kabla hayajakauka, maana mashua isingefika. Tuliposhuka, njia ya kwenda pwani ile ikawa inaelekea kulia. Baba akashika ya kushoto.

"Tupite kijijini kwanza," alisema. "Sitachelewa."

Alichelewa. Basi, tulimkuta shangazi yangu, dada yake mkubwa, amekaa barazani anasuka ukili. Nilikuwa namjua kwa jina tu, na kwa picha moja ya zamani.

"Shikamoo dada," Baba akasema.

Sijawahi kumsikia Baba akimwamkia mtu hivyo. Nyumbani ni yeye anayeitikia.

"Marahaba," shangazi akajibu, mikono haikusimama. "Karibuni, wageni."

Neno lile lilimfika. Nilimwona amebaki amesimama, kofia mkononi, kama anayesubiri kuruhusiwa kuingia nyumba aliyozaliwa. Shangazi aliwaita wajukuu zake, wakatuangulia madafu. Watoto wakanywa. Hakuna aliyesema kitu mpaka yalipoisha.

"Dada, nimekuja kwa ajili ya ile minazi."

"Minazi ipi?"

"Ile arobaini ya Mama."

Shangazi akauweka chini ukili. "Ilikuwa thelathini na minane. Miwili ilianguka kabla Mama hajafa. Wewe hukuwepo."

Ndivyo nilivyojua. Kwetu pwani mtu anaweza kuwa na minazi yake, na ardhi ikawa ya mwingine. Minazi inarithiwa, inauzwa, inawekwa rehani. Baada ya mazishi ya bibi, Baba aliiuza yote kwa mtu mmoja, akapanda chombo akarudi Dar. Dada yake alijua siku aliyokwenda kuangua nazi akakuta watu wengine juu ya mti. Hela ile ndiyo iliyosimamisha nyumba yetu ya Mbagala. Nimelelewa humo. Nimesikia mara mia kwamba imejengwa kwa jasho la Baba, nami nimewasimulia watu hivyo hivyo.

"Fungu langu lilikuwa dogo, najua," shangazi alisema. "Ndugu wa kike ana theluthi yake. Sikuwa na shida na minazi. Nilitaka niulizwe."

Baba alisema, "Ni kweli." Akarudia, "Ni kweli, dada." Nilitegemea atasema zaidi, aeleze hali ilivyokuwa, kodi ya chumba, sisi wadogo. Hakueleza. Shangazi aliuchukua tena ukili. Kijana wetu alikohoa kule nje: kasa hawamngoji mtu.

Tulitembea kukatisha kisiwa, msituni, juu ya mawe makali ya matumbawe. Ufukwe ule hauna mwavuli wala kiti. Kijana akatueleza: mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, jike hutaga zaidi ya mia kwa mkupuo, na siku hizi mwanakijiji anayegundua kiota hulipwa badala ya kukifukua. Alituomba tusiwaguse. Lazima watambae wenyewe.

Walitoka kwanza wawili, halafu mchanga wote ukachemka. Kila mmoja mdogo wa kutosha kiganja cha mtoto, mweusi, anapiga mchanga kwa mapezi kana kwamba tayari yuko majini. Mmoja alianguka chali ndani ya alama ya kisigino changu. Mwanangu aliniangalia, machozi yamemlenga. Nikamwambia tungoje. Kasa alijipindua, akaendelea. Wimbi la kwanza lilimrudisha nyuma. La pili likamchukua.

"Mimi nilikuwa nafukua haya mayai," Baba alimwambia yule kijana. "Tunakula."

"Babu, wote walifukua. Hata babu yangu."

Kijana akawaambia watoto kwamba jike, akishakua miaka mingi baharini, hurudi kutaga maeneo yale yale alikoanguliwa. Binti yangu akamgeukia Baba. "Kama wewe, Babu. Umerudi."

Baba alikuwa anatazama maji. "Kasa anarudi hadaiwi," alisema.

Usiku ule hotelini nilifungua kitabu kimoja kati ya vile viwili. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne. Nilikuwa na hasira na Baba, na sikujua niiweke wapi, maana kitanda nilicholalia utotoni, meza niliyojifunzia kuandika, vyote vilikaa juu ya minazi ya mtu. Na hasira nyingine ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuja kupumzika mahali ambapo shangazi yangu anaishi, nikalipia chumba kinachotazama kisiwa chake, na sikuwa nimepanga kumwona. Tangazo lilisema mbali, nami nikaamini.

Siku iliyofuata Baba alivuka peke yake. Alirudi jioni na maji, hana hadithi. Mkononi alikuwa na mkeka mpya uliokunjwa.

Asubuhi ya kuondoka tulipita Juani tena, wote. Shangazi alimshika binti yangu kidevu, akasema amechukua sura ya Mama. Mimi akaniangalia muda. "Mwakani msilale Utende," alisema. "Mnalipa hela ya nini?" Kwa Baba hakusema neno la kuaga. Alimsindikiza mpaka kwenye mashua, akasimama na maji yamemfika vifundoni, akageuka kabla hatujatia injini.

Nyumba ya Mbagala ina vyumba vitatu vya kulala. Tangu turudi nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi kuliko inavyohitaji. Nilimwambia Baba wazi, mbele ya ndugu zangu: kwa theluthi, chumba kimoja si chetu. Mdogo wangu aliona namdhalilisha mzee. Baba akasema, "Mwacheni." Wiki hiyo hiyo akatafuta fundi wa rangi, wakatoa masanduku kwenye chumba changu cha zamani.

Nilimpigia shangazi kumwambia chumba kipo, aje hata mwezi mmoja, aone. Alicheka, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. Akasema bahari ya kusi si ya mtu wa umri wake. Tungoje kaskazi ianze, tuone.