Vipele vya ndevu na ubishi wangu

Wadau, leo nakiri ubishi wangu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa nanyoa ndevu kinyume na zinavyoota, huku nikivuta ngozi ili kidevu kiteleze. Wiki iliyopita namhoji mama mmoja, akanikatisha: "Mwanangu, shingo imekuwaje?" Vipele! Nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe ndevu zetu za kipilipili zikikatwa fupi mno hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Sasa nalainisha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na povu, kisha nafuata zinakoelekea, wembe mkali, taratibu, bila kuvuta ngozi. Vipele vikizidi, naupumzisha wembe kabisa. Kidevu hakitelezi kama zamani, ila sasa nauliza maswali nikimtazama mtu usoni.