Saa ya Guka Haiuzwi

Kuna swali nimeulizwa kwa komenti mpaka nimechoka: "Hiyo kitu iko nyuma yako ni kabati ama jeneza?" Sawa. Leo najibu mara moja, halafu tusirudie.

Ni saa. Ile saa kubwa ya kusimama, ndefu kuniliko, na mimi si mfupi. Waingereza wanaiita saa ya babu, na hilo jina si la zamani vile unafikiria. Lilitoka kwa wimbo wa Mmarekani anaitwa Henry Clay Work, mwaka 1876. Saa zenyewe zilikuwa zimeshatengenezwa karibu miaka mia mbili kabla ya huo wimbo, bila jina la mapenzi. Lakini kwetu jina limeingia vizuri, maana hii ilikuwa ya guka wangu kweli kweli.

Guka alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba huku upande wa Nanyuki. Huyo mzungu alipouza shamba akarudi kwao, kila mfanyakazi aliambiwa achague kitu kimoja kwa nyumba. Watu walichagua vitu vya akili: baiskeli, cherehani, kitanda cha chuma. Guka akachagua saa. Cucu anasema alimnunia wiki mzima, ju yeye alikuwa ameweka macho kwa cherehani.

Sasa anko wangu amepata mteja. Ni mtu wa Nairobi anayenunua vitu vya kale, alikuja na simu yake akapiga picha hadi ndani ya mlango, akagonga gonga mbao, akasema elfu themanini. Pesa taslimu, na pikapu yake mwenyewe. Wasee, mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, nikarudi kuishi na cucu, na hizi video zangu kuna miezi zinaleta pesa ya bando tu. Elfu themanini naielewa sana. Na anko si mtu mbaya, hebu niseme hivyo mapema kabla hamjaanza kumtusi. Mabati ya nyumba yanavuja. Dawa ya macho ya cucu inanunuliwa kila mwezi na ni yeye hutuma M-Pesa. Hoja yake ni moja na aliisema polepole, bila kelele: "Mama haoni. Saa ya nini kwa mtu haoni?"

Cucu ana presha ya macho. Anaona mwanga na giza, basi. Na hapo ndio mimi na anko tunaachana, kwa sababu yeye anadhani saa ni kitu cha kuangalia.

Hii saa inagonga. Kila saa kamili, kengele, mchana na usiku. Cucu anaamka akiihesabu, anameza dawa akiihesabu, anajua ng'ombe wamechelewa kukamuliwa kabla mimi sijatoa simu kwa mfuko. Usiku wazee hawalali vizuri, na mtu haoni, usiku wake hauna mwisho. Aliniambia kitu siku moja na sikujua niseme nini. Alisema saa ikigonga usiku anajua bado yuko, na asubuhi iko njiani.

Halafu kuna hii, na ndio kitu napenda kuliko zote. Yule mteja aliangalia uso wa saa, akaangalia simu yake, akacheka, akaambia anko, "Imepotea masaa sita, hiyo itanifanya nipunguze bei." Haikuwa imepotea! Guka aliiweka hivyo makusudi. Ikifika saa moja asubuhi, mkono unaelekea kwa moja na kengele inagonga mara moja. Saa tatu, mara tatu. Fikiria saa yoyote ile kwa ukuta wenu: inaonyesha saba na wewe unasoma saa moja, kila siku tangu utoto unafanya hesabu kichwani na hujawahi kujiuliza kwa nini. Guka alijiuliza. Akasogeza mikono masaa sita, akamaliza hiyo stori. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua likichomoza, na inaingia akilini kabisa kwa watu wa karibu na ikweta, maana huku jua linatoka karibu wakati ule ule mwaka mzima.

Anko alishajaribu njia ingine, na nampa heko. Alimnunulia cucu saa ya mkono inayoongea. Unabonyeza, inasema wakati. Shida inasema kwa Kizungu, kwa sauti ya mama fulani mwenye haraka, na lazima ubonyeze. Cucu aliibonyeza siku mbili akaifungia kwa droo. "Mimi sitaki kuuliza," akasema. "Nataka kuambiwa."

Nilipokuja kuishi hapa hiyo saa ilikuwa inaenda vibaya. Guka alikuwa ameshatuacha, na hakuna mtu alikuwa ameshika ile kazi yake ya Jumapili. Kazi yenyewe ni hii: ndani ya kabati kuna vyuma viwili vinaning'inia, kila kimoja kilo tano na zaidi. Kimoja kinaendesha saa, kingine kinaendesha kengele. Hakuna betri, hakuna stima. Unaingiza ufunguo wa kuzungusha kwa matundu mawili ya uso, unavuta vyuma juu, na vikishuka polepole ndio saa inatembea. Zinaenda siku nane. Wiki ina siku saba, kwa hivyo ukisahau Jumapili bado una siku moja ya neema. Mtu aliyebuni hiyo alijua binadamu vizuri.

Nikaanza kutia ufunguo kila Jumapili tukitoka kanisa. Na kila Ijumaa saa ilisimama. Si Alhamisi, si Jumamosi. Ijumaa. Jirani mmoja alishaanza kuongea mambo ya mapepo. Nilikaa nayo kwa stuli nikiangalia, na nikaona: ikifika Ijumaa vile vyuma vimeshuka hadi vimelingana na sahani ya pendulamu, ule mti wa shaba unaoyumba. Sakafu yetu ni ya mbao na kabati lilikuwa halijashikwa popote. Pendulamu ikiyumba, kabati lote linatikisika kidogo sana, huwezi kuona, na vyuma vinaanza kuyumba pia. Vinaiba nguvu ya pendulamu mpaka inasimama. Nikaazima pima maji kwa fundi wa nyumba, nikaweka vipande vya mbao chini ya miguu mpaka mlio ukawa sawa, tik na tak zikiwa na nafasi moja, halafu nikapiga skrubu mbili nyuma ya kabati hadi kwa ukuta. Tangu hiyo siku Ijumaa ni siku kama zingine.

Fizikia ya sekondari walitupea uzi na jiwe dogo tukahesabu likiyumba, tukaandika jibu, tukasahau. Hakuna mtu alituambia kwamba hiyo ndio saa. Mdachi Christiaan Huygens alitengeneza ya kwanza ya pendulamu mwaka 1656. Kwa hizi saa ndefu pendulamu ina karibu mita moja, na kila ikienda upande mmoja ni sekunde moja. Ndio maana kabati ni refu hivyo, si maringo.

Na sisi watu wa Nanyuki tuko na uhusiano nayo ambao London hawana. Mnajua pale kwa bango la ikweta, vile watalii wanaonyeshwa maji yakizunguka kwa karai upande huu na upande ule? Ile ni sanaa ya mikono, jamani. Karai ni dogo sana dunia kuliamulia chochote. Lakini pendulamu haiwezi kudanganywa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alienda Cayenne, kule Amerika ya Kusini karibu na ikweta, na saa iliyokuwa sawa Paris ikaanza kuchelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Haikuwa imeharibika. Dunia imevimba katikati, na pia inazunguka kwa kasi zaidi hapo, kwa hivyo mvuto ni mdogo kidogo na pendulamu inayumba taratibu. Newton alitumia hiyo habari kwa kitabu chake cha 1687. Sisi tumekaa juu ya hicho kitambi cha dunia, na tena kwa mwinuko wa mita 1,900 hivi, ambao unapunguza mvuto zaidi. Saa ikitoka Uingereza ikija hapa lazima ichelewe, mpaka mtu aikaze nati ya chini ya pendulamu aipandishe ile sahani milimita chache.

Guka hakusoma habari ya Richer. Lakini kwa mti wa pendulamu kuna mikwaruzo midogo, amechora na msumari, mmoja chini ya mwingine. Alikuwa anapandisha, anasubiri wiki, anaskiza taarifa ya habari ya redio, anapandisha tena. Mkwaruzo wa juu ndio umekolea zaidi. Hapo ndio aliridhika. Na hapo ndio sahani iko mpaka leo, sijaigusa. Ukiuza saa kwa mtu wa pwani ama Ulaya, atazungusha hiyo nati dakika mbili tu na hiyo kazi yote imeenda.

Mambo mengine ya kuitunza ni madogo. Usirudishe mikono nyuma, peleka mbele tu na uiache igonge kila saa ikipita. Ukihamisha, toa vyuma kwanza, halafu pendulamu. Usiweke mafuta ya kupikia, tafadhali, wala ya cherehani. Kuna mafuta ya saa na ni tone moja tu, kwa vitundu ambapo vyuma vinazunguka, si kwa meno ya magurudumu. Na cucu aache kuweka risiti za maziwa ndani. Hiyo ya mwisho nimeshindwa.

Anko alikuja tena Jumamosi iliyopita. Nilimwambia, "Anko, kwa heshima zote, nipe mpaka Desemba. Mabati nitachangia." Akaangalia hizo video zangu kwa simu yake, akauliza, "Na hizi?" Nikasema na hizi. Cucu alikuwa ameketi hapo na kikombe chake, hakuna mtu alikuwa amemuuliza chochote hadi saa hiyo. Akasema tu kwamba guka aliichagua mbele ya cherehani, na yeye ameshailipia hiyo saa. Anko akacheka hata yeye. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, akamwambia mteja asubiri.

Lakini sai iko kimya. Siku nne. Jumapili nikitia ufunguo niliona kamba ya chuma cha kengele imeanza kukatika nyuzi nyuzi, pale juu inapojizungusha. Kilo tano ikianguka ndani ya hiyo kabati inavunja sakafu, na cucu hupita hapo akiishika kwa mkono ili ajue mlango uko wapi. Nimetoa vyuma vyote viwili nikasimamisha pendulamu. Kamba za asili za hizi saa ni utumbo wa kondoo uliosokotwa (ndio, mnafikiria mutura, hata mimi), siku hizi kuna za nailoni na za waya mwembamba. Fundi wa saa mmoja mjini ameniambia yeye ni wa betri na mikanda tu. Mwingine wa Nairobi anataka nimpelekee mashine yote, na sitaki kuipakia kwa matatu.

Kwa hivyo nauliza. Kama unajua fundi amewahi kubadilisha kamba ya saa ya vyuma viwili, ama babu yako alikuwa fundi na bado anakumbuka, niandikie. Nataka kujua unene wa kamba na vile inafungwa kwa ile ngoma ndani, nitafanya mwenyewe. Cucu ameanza kuniita usiku kuniuliza ni saa ngapi. Jana aliniita mara tatu.