Gobore Juu ya Kitanda cha Watoto

Akina mama wenzetu, tunaandika haya wawili, mume na mke, kwa sababu jambo lenyewe lilitupata wawili. Kila tusemapo "sisi" katika ukurasa huu, msidhani tulikuwa na nia moja tangu mwanzo. Mmoja wetu aliitaka kazi ile, mwingine hakuitaka. Umoja ulikuja baadaye, nao tuliugharimia.

Sisi ni wenyeji wa Shinyanga. Tulihamia Geita kufuata riziki, kama walivyofanya wengi baada ya mgodi mkubwa kufunguliwa mwaka 2000. Hatukwenda kuchimba. Baba wa nyumba ni fundi wa vyuma: huchomelea makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, hutengeneza mageti na majiko ya mkaa. Mama wa nyumba ana genge la mboga na dagaa mbele ya karakana.

Chuma ni urithi wetu. Upande mmoja wa ukoo ni Warongo, wale wahunzi wa Uzinza ambao zamani waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilileta bunduki za kushindilia, na watawala kama Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, walijenga nguvu zao kwa hizo. Mhunzi wa jembe akaanza kuletewa na bunduki. Hapo ndipo ilipoanza habari ya gobore la kienyeji, linalotengenezwa na fundi wa kijijini kwa kipimo cha mteja wake. Halina risasi ya dukani. Kila mtutu una upana wake, hata kinachoingia katika gobore la jirani huenda kisiingie katika lako. Na kwa kuwa bomba lake mara nyingi lilitengenezwa kwa kazi nyingine kabisa, huweza kupasuka na kumng'oa vidole au jicho yule yule anayelifyatua.

Baba mkwe alikuwa nalo moja, refu, la kumfikia kifuani. Alilitumia kufukuza nguruwe pori na nyani katika mahindi. Alipofariki mwaka 2015, tuligawana vitu vyake, na gobore likaja kwetu. Tulilifunga kwa kitenge kikuukuu, tukaliweka juu ya kenchi katika chumba cha watoto. Ilikuwa kumbukumbu ya mzee. Hatukufikiri zaidi ya hapo.

Januari 2023 akaja mteja karakanani. Alitaka gobore la kipekee: fupi, la kushika kwa mkono mmoja, mtutu kwa kipimo chake mwenyewe, mpini wa mninga. Alisema ni la kuwindia kanga na digidigi katika mapori ya upande wa Biharamulo. Angelipa shilingi 400,000, na hapo hapo akatoa 150,000 ya kianzio. Mama mpendwa, unaijua Januari. Sare, madaftari, viatu vya mapacha. Kwa siku mbili fedha ile ilikuwa imekwisha.

Usiku ule tulizungumza kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie.

"Baba Kulwa, gobore la mzee lilikuwa na urefu gani?"

"Si unalijua? Lilimfika kifuani."

"Basi huyu atawinda nini kwa kitu kilicho sawa na mchi wa kinu?"

Hakukuwa na jibu.

"Refu ni la porini. Fupi ni la kuficha ndani ya koti. Na hapa kwetu, anayetembea usiku na fedha ya duarani mfukoni si kanga wala digidigi."

Fundi naye alikuwa na neno lake, nasi hatulifichi, kwa maana lina uzito. Alisema kwamba mhunzi wa panga haulizwi panga litakata nini. Akiuza panga mia, na moja likaua, je, ataacha kufua? Tulilifikiria neno hilo siku nyingi. Mwishoni tuliona hivi: panga lina kazi kumi nyumbani, nalo hubebwa mchana machoni pa watu wote. Silaha fupi ya siri ina kazi moja tu, na aliyeiagiza fupi amekwisha kukuambia kazi yenyewe.

Tulikumbuka pia tuliyoyakuta utotoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi huko Kahama na Shinyanga, ndipo sungusungu walipoanza. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale. Hatusemi hawakukosea, wako waliopigwa na kufukuzwa bila haki, na wengine walikuwa bibi wazee waliosingiziwa uchawi. Lakini hata hao walijua jambo moja: ulinzi wa kijiji ni wa kijiji kizima, unaopigiwa filimbi na kuitikiwa na wote. Haukai katika koti la mtu mmoja.

Hata hivyo hatukuamua. Kazi ilisogezwa wiki kwa wiki. Bomba lilikaa chini ya kitanda chetu, kipande cha mninga kikiwa kimekwisha kuchongwa. Mteja alikuja, akaja tena, akaanza kukasirika.

Kilichotuamsha kilitokea Agosti. Mama aliingia chumba cha watoto kufuata kikapu. Kulwa alikuwa amepanda kitandani, amelishusha gobore la babu yake, ameelekeza mtutu kwa Doto. Walikuwa wakicheza polisi na mwizi. Doto alikuwa ameinua mikono, anacheka.

Hakuna kilicholia. Tulilichukua polepole mikononi mwake. Usiku ule hatukulala, tukasali, tukalia.

Tulijua wazi kwamba tuko katika kosa. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza wala kumiliki bunduki bila leseni, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu kuwinda bila kibali. Tuliogopa kwenda polisi tusije tukawekwa ndani wote wawili, watoto wakabaki na nani? Lakini mficha uchi hazai. Tangu mwaka 2017 Umoja wa Afrika umeuweka mwezi wa Septemba kuwa wa kusalimisha silaha kwa hiari, na mwaka ule wa 2023 serikali yetu ilitangaza kwamba atakayesalimisha Septemba na Oktoba hatashtakiwa. Tukamwendea mwenyekiti wa mtaa, tukamweleza yote. Yeye ndiye aliyewaita polisi waje kulichukua.

Askari alilipokea, akatutoa nje sote. Baada ya muda akaja kutuita. "Nani aliwaambia hili ni tupu? Hili limeshindiliwa."

Mzee alilishindilia msimu wake wa mwisho wa mahindi. Miaka minane watoto wetu walilala chini yake. Gobore, ndugu zetu, halionyeshi kwa kulitazama kama lina kitu au halina.

Fedha ya kianzio tuliirudisha. Tuliuza mbuzi wawili, na zamu yetu ya upatu ikajazia. Mteja aliipokea mbele ya mwenyekiti bila neno, akaondoka, hatukumwona tena karakanani. Mwaka ule tulikula dagaa zaidi kuliko tulivyouza. Bomba limekuwa mguu wa benchi la wateja, na kile kipande cha mninga ni mpini wa kisu cha jikoni.

Mama mwenzetu, hebu jiulize leo: juu ya kenchi yako kuna nini? Chini ya godoro? Katika ghala la marehemu mkwe? Ukikuta silaha, usiishike, usijaribu kuitoa kilichomo, wala usiifunge kwenye khanga uende nayo kwenye basi. Watoe watoto, funga mlango, mwambie kiongozi wa mtaa au polisi, nao watakuja. Na mumeo akiletewa kazi ya fedha nyingi, muulize kwa upole kazi hiyo itafanya nini ikishatoka mlangoni. Muulize hata kama Januari imekubana. Sisi tulichelewa miezi minane kuulizana hadi mwisho, na Mungu alitustahimilia.