Mbuyu wa Waya na Wapagazi wa Karonga

Katika Area 23, jijini Lilongwe, fundi mmoja aliyewahi kuishi Dzaleka anaunda juu ya ubao mapigano ya Karonga ya tarehe 9 Septemba 1914. Kipimo chake ni moja kwa sabini na mbili. Askari hazidi sentimeta mbili na nusu. Hapo wengi hukosea: humpandia mtu huyo mti wenye kimo cha kichaka. Mbuyu wa meta 18 hauna budi kufikia sentimeta 25. Fundi husokota nyaya za shaba ziwe shina, huzichanua ziwe matawi, kisha huzipaka gundi na unga wa mbao. Majani ni makapi ya chai yaliyokaushwa.

Askari wa King's African Rifles aliwamaliza upesi. Waliomchelewesha ni wapagazi, tenga-tenga, ambao sanamu za vita aghalabu huwasahau. Babu wa baba yake aliwabebea Wabelgiji mizigo hadi Tabora, mwaka 1916. Nafasi ilipojaa, aliwang'oa askari sita.

“Fundi, umepunguza bunduki,” alinung'unika jirani yake, askari mstaafu.

“Na risasi, mzee wangu, zilifika kwa miguu ya nani?”