Tulipohesabu Hela Zetu London

Akina mama wenzangu, wapo wanaodhani kwamba kuitembelea Ulaya ni kwa wenye mali tu. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, mama wa watoto watatu, na mishahara yetu mnaijua. Mwaka 2024, baada ya kuweka akiba kidogo kidogo kwa miaka minne, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye uuguzi tulizunguka Ufaransa, Ubelgiji na Uingereza kwa wiki mbili. Tulibeba mabegi ya mgongoni kama wanafunzi, tukasafiri kwa mabasi na kulala hosteli kwenye vitanda vya deka. Waume zetu walibaki na watoto. Leo nawasimulia siku moja tu ya safari ile, kwa sababu ilinifundisha jambo kuhusu fedha na urafiki.

Malazi tulikuwa tumekwisha kuyalipia. Tulipatana kila mmoja asitumie zaidi ya pauni 20 kwa siku. Asubuhi ile tulinunua dukani mkate, mayai ya kuchemsha, jibini na ndizi, tukajaza maji chupa zetu. Nauli ya basi ilikuwa pauni 1.75, na ukishalipa unaweza kupanda mabasi mengine ndani ya saa moja bila kulipa tena. Tangu mwaka 2014 mabasi ya London hayapokei fedha taslimu. Unagusisha kadi kwenye mashine. Tulipanda ghorofa ya juu, tukakaa mbele kabisa, tukauona mji vizuri kuliko kwenye gari la watalii.

Kwanza tulikwenda Hospitali ya St Thomas', kando ya Mto Thames. Ndiyo hospitali ambayo Florence Nightingale alianzisha shule yake ya wauguzi mwaka 1860. Jumba la makumbusho yake lina kiingilio, kwa hiyo tulilipita. Lakini bustanini, bila kulipa hata senti, tuliona sanamu ya Mary Seacole, mama wa Kijamaika aliyezaliwa mwaka 1805. Wakati wa Vita vya Crimea aliomba kwenda kuwauguza askari, akakataliwa. Akaenda kwa fedha zake mwenyewe, akafungua nyumba ya kuwalisha na kuwatibu. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2016. Imechongwa kama mtu anayetembea kwa haraka, uso ukielekea Bunge ng'ambo ya mto.

Hatua chache kutoka pale lipo gurudumu kubwa la kuzungusha watu, London Eye. Tiketi moja ilizidi bajeti yetu ya siku nzima. Nilimtania rafiki yangu kwamba tukifunga siku mbili tutapanda. Hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

"Dada," akasema, "mimi hata hizo 20 sina."

Ndipo akanieleza. Tulipokuwa Paris alipata simu kutoka nyumbani kwamba mama yake amelazwa, akatuma karibu fedha zake zote. Kwa siku nne, kila ilipofika saa ya chakula cha jioni, alisema ameshiba au tumbo linamsumbua. Usiku uliotangulia nilimuuliza kulikoni, akajibu ni uchovu tu.

Sikumlaumu. Wodini tumewaona wagonjwa wengi wa namna hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na umaskini nao hufichwa vivyo hivyo. Tuliketi kwenye benchi, akatoa pochi yake nami nikatoa yangu, tukahesabu. Yeye alikuwa na pauni 31, mimi 148, na siku zilizobaki zilikuwa tano. Tukizichanganya, kila mmoja angepata karibu pauni 18 kwa siku.

Alikataa. "Nitakulipa lini?" akauliza. Nikachukua daftari langu, nikaandika deni na tarehe, nikamwambia atalipa kidogo kidogo kama tunavyofanya kwenye mchezo wetu wa fedha nyumbani. Hapo akakubali. Msaada angeukataa, mkopo ulimwachia heshima yake.

Tulivuka daraja la Westminster kwa miguu mpaka bustani ya St James's. Pale tuliwatazama ndege aina ya mwari, ambao wa kwanza wao waliletwa mwaka 1664 kama zawadi ya balozi wa Urusi. Rafiki yangu alikula mayai mawili na mkate bila kusimama. Kisha tukaenda Waterloo Place kumwona Nightingale na taa yake, halafu National Gallery, ambako kuingia ni bure.

Jioni tulikwenda Westminster Abbey. Kiingilio cha watalii kilikuwa karibu pauni 30, lakini ibada ya jioni ni bure kwa anayekuja kusali. Tulimwombea mama yake. Tulipokuwa tukitoka tuliliona sakafuni jiwe la kaburi la David Livingstone. Limeandikwa kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao, wakiwamo wanawake kama mpishi Halima, wakausafirisha mwili wake kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo.

"Majina yao hayapo hapa," rafiki yangu alinong'ona.

Ni kweli. Na katika wote wale, hakuna aliyeweza kuubeba mzigo ule peke yake.

Chakula cha jioni tulinunua sahani moja ya samaki na chipsi, tukala wawili. Siku nzima kila mmoja alikuwa ametumia pauni 14.

Mama yake alipona, na deni lilikwisha baada ya miezi minne. Dada mpendwa, ukisafiri na mwenzako, iwe Ulaya au Morogoro, pataneni kiwango cha matumizi kabla ya kuondoka, na kila jioni hesabuni pamoja bila kuoneana aibu. Ukimwona mwenzako anasema ameshiba kila siku, muulize. Akikujibu "uchovu tu," muulize tena, kwa upole, na uwe na daftari mkononi.